Saa Nane Mchana Kericho

 Leo nazungumza na wale wanaofunga shanta, wakalitia mgongoni, wakashika njia bila gari na bila hoteli iliyolipiwa. Zamani tulizoea kuwaona wageni kutoka Ulaya ndio wanaosafiri hivyo. Siku hizi ni wanafunzi wetu wa vyuo, ni walimu walio likizoni, ni vijana waliomaliza kazi ya mkataba wakaamua kuiona nchi kabla ya kutafuta kazi nyingine. Nalifurahia jambo hili kwa moyo wote. Mkenya anayeijua Kericho kwa pakiti ya majani ya chai tu ana haki ya kutaka zaidi, na miguu yake ndiyo itakayompa.

Basi leo tuelekee huko huko, Kericho na Bomet. Nimezichagua kaunti hizi mbili kwa sababu ndiko nilikowaona wasafiri wa shanta wakipata taabu ambayo hawakuitazamia hata kidogo. Anayekwenda Turkana hubeba maji. Anayepanda Mlima Kenya hubeba koti zito na kutafuta kiongozi. Anayekwenda Kericho hubeba simu ya kupigia picha, basi. Ameona zile picha za vilima vya kijani vilivyonyolewa sawasawa, na barabara nyekundu ikipita katikati. Amejiambia kwamba hiyo ni bustani, na bustani haina la kumtisha mtu.

Nchi ya chai si bustani. Ni nyanda za juu zenye hali ya hewa kali, na tena ni mahali pa kazi pa maelfu ya watu. Karibu kila mkasa niliousikia huko ulitokana na kusahau moja kati ya mambo hayo mawili.

Tuanze na hewa. Mji wa Kericho uko karibu sana na ikweta, chini ya nusu digrii kusini yake, lakini umekaa kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa mwaka hupata mvua inayokaribia milimita 2,000. Nayo mvua hiyo ina saa zake. Asubuhi anga huwa safi, umande unameremeta juu ya majani, na jua linapochomoza unaweza kuvua sweta. Mgeni huitazama asubuhi hiyo akaamini ndiyo siku nzima. Kumbe kule chini magharibi liko Ziwa Victoria. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, kwa hiyo kadiri jua linavyopanda, upepo wenye unyevu hutoka ziwani ukapanda miinuko. Huku juu hukutana na upepo unaotoka mashariki. Pepo hizo mbili zikikabiliana, hewa haina pa kwenda ila juu, na mawingu hujengeka upesi, marefu na meusi chini. Kufikia saa nane au saa tisa mchana, ngurumo zimeanza.

Na si maji peke yake yanayoshuka. Mvua ya mawe hupiga eneo la Kericho zaidi ya siku 50 kwa mwaka wa kawaida, na wataalamu wa hali ya hewa huihesabu Kericho, pamoja na Nandi Hills, miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi duniani. Hapa petu, penye joto la ikweta! Mawe hayo huyararua majani machanga ya chai, na mkulima aliyetazamia kuchuma wiki hiyo hubaki na vijiti. Hasara ilikuwa kubwa kiasi kwamba katika miaka ya 1960 wenye mashamba walijaribu kuyapiga vita mawingu yenyewe. Walirusha roketi zenye baruti zilipuke ndani ya wingu, na baadaye wakatumia ndege kumwaga kemikali ya fedha na madini joto, ili barafu igawanyike kuwa chembe ndogo kabla haijakomaa kuwa mawe.

Mwanasayansi Russell Schnell alileta swali ambalo mimi huliwaza kila ninapopita huko. Aliyachunguza majani makavu yanayoanguka na kuoza chini ya michai, na mwaka 1982 ikachapishwa taarifa kwamba takataka hizo za chai ya Kenya zina chembe zinazoyafanya maji ya wingu yagande kwa wepesi kuliko kawaida. Wachumaji wanapopita kati ya mistari, vumbi hilo hutimka na kupanda na hewa ya mchana. Yaani huenda shamba lenyewe linachangia kuyatengeneza mawe yanayolipiga. Ukisimama kwenye mlima wenye chai pande zote hadi upeo wa macho, fikira hiyo inakutosha kwa safari nzima.

Sasa mweke kijana wetu katikati ya hayo yote. Ametoka Litein saa nne asubuhi, amevaa raba na fulana, koti liko chini kabisa ya shanta chini ya hema. Saa nane iko njiani kumkuta. Na hapa kuna jambo ambalo picha hazikuonyeshi: mchai unaochumwa hufika kiunoni tu. Katika ekari nyingi zilizo wazi, kitu kirefu kuliko vyote ni yeye. Radi za nyanda hizi, kuanzia Kericho hadi Kisii, si za mchezo. Mtu hutazama huku na huku, akaona mkaratusi mmoja mrefu, akaukimbilia. Usifanye hivyo hata siku moja. Mti mrefu uliosimama peke yake ndio unaoita radi, na tawi la mkaratusi huvunjika kwa upepo bila kutoa ilani. Kimbilia nyumba ya watu, au ingia ndani ya gari lililofungwa. Ukikosa yote mawili, shuka kutoka kileleni, achana na mti, na ujifanye mfupi.

Nitakusimulia niliyoyaona upande wa Mogogosiek, kule Konoin. Kando ya barabara za huko utakuta vituo vya kununulia majani, yale mabanda ya mbao na mabati ambako wakulima wadogo hupeleka majani yao, karani akayapima, na lori la kiwanda likaja kuyachukua. Mvua ilikuwa imetukusanya hapo, wakulima na wapita njia, tukiwa tumesimama kati ya magunia ya majani mabichi. Wakaja vijana wawili, mvulana na msichana, wanafunzi wa chuo, wamelowa hadi kwenye soksi. Shanta lililokuwa na hema limenyonya maji limekuwa zito kama mtu. Simu imezima. Masikio ya msichana yalikuwa mekundu kwa mawe.

Mama mmoja mwenye aproni ya plastiki na gambuti aliwapisha wasimame katikati ya banda. Akawauliza, "Mlikuwa mnaenda wapi saa hizi, watoto wangu?"

"Litein, mama," akajibu mvulana. "Ramani ya simu ilituambia ni saa tatu tu kwa miguu."

"Ramani haisikii ngurumo. Sisi tukisikia upande wa ziwa umeanza kuongea, tunaacha mstari hata kama kikapu hakijajaa. Mliisikia?"

"Tuliisikia, mama. Tulidhani iko mbali."

"Ikisikika, haiko mbali."

Nimesoma miongozo mingi ya wasafiri, ya lugha mbalimbali, na sijakuta shauri bora kuliko hilo la mama. Lori lilipokuja na upimaji ukaisha, akawachukua hadi kwake. Moto, chai ya maziwa, nguo za kubadilisha. Wenyeji wa huko ni wakarimu namna hiyo, nami nalisema hili bila kumpamba mtu. Lakini tusiugeuze ukarimu wa mama mkulima kuwa sehemu ya mpango wetu wa safari. Yeye ana ng'ombe wa kukama na watoto wa shule. Anayesafiri vizuri hufika kwake mkavu, mchana kweupe, akiwa na kitu mkononi, hata kama ni mkate na sukari.

Kwa hiyo panga siku yako kama wachumaji wanavyoipanga. Toka saa kumi na mbili na nusu, kabla umande haujakauka. Tembea hadi saa sita. Saa nane ikukute chini ya paa, umeshakula. Vitu vyako vifunge ndani ya mfuko mzito wa plastiki kabla hujavitia kwenye shanta, kwa maana hakuna shanta lililonunuliwa mtumba linalozuia mvua ya Kericho. Na ukifika soko lolote la huko, nunua gambuti. Vijana hucheka wanapoambiwa hivyo, lakini angalia miguu ya wenyeji: karibu kila mtu anazo. Udongo huo mwekundu ukilowa huteleza ajabu, na raba zako nzuri zitakulaza chini kwenye mteremko wa kwanza.

Sasa tuje kwenye kupotea. Mistari ya chai inafanana. Ukungu ukishuka, hasa alfajiri na baada ya mvua, kilima hiki na kile huwa kimoja. Vijia vya wachumaji huingia ndani ya shamba na kuishia humo humo, maana vilitengenezwa kumfikisha mtu kwenye mchai, si kumfikisha msafiri Bomet. Fuata barabara za murami zinazopitwa na malori ya majani. Barabara hizo lazima zifike kiwandani, na kiwandani kuna watu, kuna matatu, kuna kibanda cha chai. Na muulize mtu kabla hujapotea. Anza na "Chamgei", atakujibu "Chamgei mising", kisha endelea na Kiswahili. Salamu hiyo fupi ya Wakipsigis itakufungulia maelekezo ambayo mkurupuko hauwezi kuyapata.

Kuna jambo jingine kuhusu vijia hivyo, nami naliona zito. Mashamba makubwa ya chai ni mali ya makampuni, na mlinzi anayekusimamisha anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Omba ruhusa ofisini kabla ya kuingia. Tena mashamba hayo yana historia yake. Kampuni ya Brooke Bond iliingia Kericho mwaka 1924, nyingine zikafuata, na mashamba yakapandwa kwenye ardhi ambayo ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria maalumu ya kuuhamisha ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis. Watu wakapelekwa Gwassi, karibu na ziwa, kwenye joto na malaria, wazee kwa watoto. Wazao wao wangali wanadai haki hadi leo. Unapopiga picha ile ya kijani kisicho na mwisho, jua kwamba unapiga picha ya ardhi yenye kesi. Haikuzuii kuipenda. Inakuzuia tu kusema kwamba palikuwa patupu.

Na ukitaka kumpiga picha mchumaji, muombe. Mashambani mchumaji hulipwa kwa kilo. Kila dakika anayosimama kukutabasamia ina bei, naye ndiye anayeilipa. Nimewaona wasafiri, wa kwetu na wa nje, wakimpanga mama wa watu ageuke hivi, ainue kikapu vile, kisha wakaondoka bila hata kumwambia asante. Jambo hilo linaniuma.

Barabarani sasa. Kutoka Kericho kwenda Bomet utapita Litein, Kapkatet, kisha njia panda ya Kaplong, ndipo ukate kuelekea Bomet. Lami ni nzuri. Ukiacha lami, usafiri ni bodaboda na Probox, gari dogo linalobeba watu, kuku, magunia ya mbolea na mgeni mwenye shanta, vyote kwa pamoja. Wengine husimulia safari hizo kwa kicheko, na kweli zina uchangamfu wake. Lakini mimi nakuomba ukatae kupanda gari lililojazwa kupita kiasi. Sema hapana kwa upole, ngoja linalofuata. Bodaboda nayo, mvua ikinyesha, shuka utembee mteremkoni. Dereva hatakuona mwoga.

Na ukisubiri gari, usisubiri ukingoni mwa barabara kuu. Jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, pale njia panda ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawaparamia abiria, wachuuzi na waendesha bodaboda waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walifariki. Walikuwa wamesimama mahali ambapo sisi sote tumewahi kusimama, tukinunua mahindi ya kuchoma huku tukingoja matatu ijae. Rudi nyuma ya vibanda. Mwambie makanga akufuate huko.

Tumbo nalo lina safari yake. Utakaribishwa mursik, maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Yana rangi ya kijivu kidogo na ladha ya moshi, na pamoja na ugali ni chakula cha heshima. Ndiyo maziwa wanayonyweshwa wanariadha wetu wakitua uwanja wa ndege na medali. Yakubali kwa mikono miwili. Kama tumbo lako halijazoea maziwa ya kulala, kunywa kidogo siku ya kwanza, umweleze mwenyeji ukweli. Hatakasirika. Anayekunywa kibuyu kizima ili aonekane shujaa ndiye anayelala njiani kesho yake.

Kuna mkasa mmoja wa afya ambao huwapata hata watu wasomi. Mtu husikia Kericho ni baridi, akaacha chandarua na dawa ya mbu nyumbani. Ni kweli kwamba baridi humpunguzia mbu nguvu. Lakini mashamba ya chai ya Kericho yameandikwa sana katika vitabu vya tiba kwa sababu ya milipuko ya malaria, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 milipuko hiyo ilirudi kwa kishindo, hasa miezi inayofuata mvua za masika. Watu wa nyanda za juu hawaugui malaria kila mara, kwa hiyo mwili hauna kinga ya kutosha, na ugonjwa ukipanda huku hupiga watu wazima pia. Isitoshe, msafiri wa shanta hakai mahali pamoja. Leo yuko Kericho, kesho ameteremka Kisumu, kesho kutwa amerudi. Homa ikikupata wiki moja au mbili baadaye, usijiambie kwamba ni baridi ya Kericho. Nenda upimwe damu, na umwambie daktari kila ulikopita.

Baada ya maonyo yote haya, msikilizaji anaweza kuuliza kama nataka watu waende au wabaki nyumbani. Nataka waende! Karibu na mji wa Kericho kuna bustani ya miti ya Chagaik, iliyoanzishwa na mkulima wa chai, Tom Grumbley, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambako miti ya mabara mbalimbali inasimama katikati ya chai. Kuna Fort Ternan, ambako mwaka 1961 Louis Leakey alitambulisha mabaki ya kiumbe wa kale aliyemwita Kenyapithecus, wa miaka milioni 14 hivi iliyopita. Na kuna mito. Hiyo ndiyo safari ninayoipenda kuliko zote: kuufuata Nyangores. Mto huo unatoka kwenye msitu wa Mau, unapita kati ya chai, unafika Tenwek karibu na mji wa Bomet na kuanguka kwenye poromoko ambalo tangu miaka ya 1980 huzalisha umeme wa hospitali ya misheni iliyo hapo. Kisha hukutana na Amala, nayo mito hiyo miwili ndiyo Mto Mara. Maji unayoyavuka kwa daraja la Bomet ndiyo yale yale wanayovuka nyumbu, na mwishowe huingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Ziwa hilo, msikilizaji, ndilo linalotuma mawingu ya saa nane.

Vijana wa Ulaya na Asia humiminika Sri Lanka kupanda treni ya milimani kutoka Kandy hadi Ella, wakishuka njiani kutembea kwenye chai. Vijiji vya huko vina gesti, vina waongozaji, vina njia zilizowekwa alama. Sisi tuna chai bora, tuna viwanda vya wakulima wadogo vilivyotapakaa kila baada ya vilima vichache, Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros, na bado msafiri anatembea kwa kubahatisha.

Ombi langu naliweka wazi mbele ya serikali za kaunti za Kericho na Bomet na mbele ya wakurugenzi wa viwanda vya chai. Viunganisheni viwanda hivyo kwa njia ya miguu. Wekeni nguzo za mawe zenye rangi, kutoka kiwanda hadi kiwanda, mwendo wa asubuhi moja kila kipande, ili saa sita imkute mtu amefika. Vituo vya majani viandikwe majina yanayoonekana kutoka barabarani. Wana wa wakulima wafunzwe kuongoza wageni na kutoa huduma ya kwanza, na familia zilizo tayari kulaza wageni ziandikishwe kiwandani, zilipwe kwa simu kabla mgeni hajabisha hodi. Kazi hii haihitaji hoteli hata moja, na inaweza kuanza na kipande kimoja tu, Mogogosiek hadi Litein, kabla ya likizo ya Agosti.